Plau, Kunde na Dawa: Vita vya Magugu katika Mashamba ya Miwa ya Louisiana

Katika nyanda za chini za Louisiana, kusini mwa Marekani, ambako Mto Mississippi umetandaza tope lake kwa maelfu ya miaka kabla ya kumwaga maji katika Ghuba ya Meksiko, kila mwaka sehemu kubwa ya ardhi ya miwa huwa haina miwa. Siku hizi mkulima hupanda pingili mwezi wa nane au wa tisa, huvuna mwishoni mwa mwaka unaofuata, kisha huviacha visiki vichipue na kuvuna maotea mara mbili, tatu, hata nne. Maotea yakishachoka, visiki huharibiwa na shamba hukaa bila muwa tangu majira ya baridi hadi upanzi unaofuata. Anayevuna mara nne kwa kila upanzi huwa na shamba moja katika kila matano lililopumzishwa. Mpita njia halitazami mara mbili. Lakini anayetaka kuielewa historia ya zao hili angeanzia hapo, maana miezi hiyo ndiyo nafasi pekee ya kuyashambulia magugu bila kuhofia kuujeruhi muwa. Kwa muda mrefu njia iliyoheshimika ya kuitumia nafasi hiyo ilikuwa kulima, kisha kulima tena. Hoja ninayoitetea ni kwamba plau ilidumu katika mashamba hayo kwa sababu ya magugu, na kwa sababu ya aina ya nguvukazi iliyopatikana, wala si kwa sababu muwa wenyewe ulidai udongo uliotifuliwa mara nyingi kiasi hicho. Na kila silaha iliyoingia shambani iliishia kulipendelea gugu moja juu ya mengine, likaja kuwa ndilo tatizo la kizazi kilichofuata.

Sukari ya Louisiana hupenda kusimuliwa kutokea kiwandani. Wajesuiti walileta miwa New Orleans mwaka 1751. Étienne de Boré akafanikiwa kugandisha sukari ya kuuzwa mwaka 1795, wakati uasi wa watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, ulipokuwa umemwangusha mzalishaji mkuu wa sukari duniani. Mwaka 1843 Norbert Rillieux, mzaliwa huru wa New Orleans mwenye damu ya Kiafrika na elimu ya Paris, alipewa hati ya uvumbuzi wa mtambo wa kuchemshia maji ya miwa ambao kanuni yake ingali inatumika viwandani. Waliopalilia hawakupewa hati yoyote. Na bado shambani ndiko kulikokuwa na ugumu ambao mtambo usingeweza kuutatua, kwa kuwa Louisiana iko kaskazini mno kwa zao la nchi za joto. Baridi ya Desemba na Januari huyaua majani, visiki hulala chini ya udongo, na machipukizi hujitokeza polepole kuanzia mwezi wa tatu. Majani ya mstari mmoja hayakutani na ya mstari wa pili hadi kiangazi kimeanza. Kwa miezi hiyo yote ardhi iko wazi juani, na mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka huinywesha kila mbegu iliyomo. Ardhi ni tambarare, maji hayaendi, kwa hiyo muwa hupandwa juu ya matuta marefu yenye mifereji kati yake. Mifereji ikiziba kwa nyasi, muwa hufa maji. Katika nchi za joto muwa hukua haraka ukayafunika magugu. Louisiana magugu ndiyo yanayotangulia, kwa hiyo hesabu ya palizi ni tofauti tangu mwanzo.

Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe hesabu hiyo ililipwa na watumwa. Katika visiwa vya Karibi magenge ya watumwa yalichimba mashimo ya kupandia miwa kwa jembe la mkono, na desturi hiyo ilidumu sana. Louisiana ilikuwa na ardhi isiyo na mawe na uhaba wa watu kulingana na eneo, kwa hiyo plau ya kukokotwa na nyumbu, wale wazao wa punda na farasi, iliingia mapema. Lakini plau hupita kati ya mistari tu. Kilichoota juu ya tuta, katikati ya machipukizi, kiliondolewa na wanawake na wanaume waliotembea kwa safu na majembe, wakisimamiwa na mnyapara. Kalenda yao ilijaa pande zote. Kuanzia Oktoba walikata na kusaga miwa usiku na mchana wakikimbizana na baridi. Januari na Februari walipanda, maana zama hizo upanzi mwingi ulifanyika wakati huo. Kuanzia mwezi wa tatu walipalilia hadi mwezi wa sita au wa saba, majani yalipofunika mistari na palizi ikafungwa. Hapo wangedhaniwa wamepata nafasi ya kwenda kwenye mashamba yaliyopumzishwa. Hawakuipata, kwa sababu kiangazi kilikuwa msimu wa kuzibua mifereji, kuimarisha kingo za mto, kuvuna majani ya mifugo na, zaidi ya yote, kukata kuni za matanuri ya kiwanda. Mwenye shamba alihitaji kitu cha kuyazuia magugu katika robo ya ardhi yake bila kuwatoa watu msituni.

Kitu hicho kilikuwa mahindi pamoja na kunde. Baada ya maotea ya mwisho shamba lililimwa na kupandwa mahindi. Mahindi yalipopaliliwa mara ya mwisho, kunde zilipandwa katikati yake, zikatambaa na kuufunika udongo kwa kiangazi chote, kisha zikalimwa na kufukiwa kabla ya muwa kurudi. Wakati wa kushamiri kwa mashamba hayo, katikati ya karne ya 19, desturi hii ilikuwa ya kawaida kandokando ya mto. Kunde ni zao la Afrika, lilivuka bahari katika zama za biashara ya watumwa, na waliozijua tabia zake tangu kwao walikuwa wale wale walioamriwa kulipanda. Mahindi yaliwalisha watumwa na nyumbu, na mabua pamoja na majani ya kunde vikawa malisho ya baridi. Kwa hiyo mnyama aliyekokota plau alishiba kutokana na shamba lililopumzishwa, na shamba hilo lilizuia magugu kwa kivuli chake lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba kunde zilipandwa kwa ajili ya rutuba, na kwamba habari ya magugu ni tafsiri ya kisasa. Ni kweli wenye mashamba waliona muwa unastawi baada ya kunde, na walisema hivyo. William Carter Stubbs, mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Majaribio ya Sukari cha Louisiana kilichoanzishwa mwaka 1885, alizipigia debe kwa takwimu za nitrojeni. Lakini sababu ya rutuba hiyo haikujulikana hadi Hellriegel na Wilfarth, huko Ujerumani, walipoonyesha kati ya mwaka 1886 na 1888 kwamba vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde hunasa nitrojeni ya hewani. Desturi ilikuwa na umri wa miongo kadhaa tayari. Tena, kama rutuba ingekuwa ndiyo sababu yenyewe, tungetarajia kunde ziongezeke baada ya sayansi kuzithibitisha. Kilichotokea katika karne ya 20 ni kinyume: mfumo wa mahindi na kunde ulivunjika punde nyumbu walipoondoka, ingawa faida yake kwa udongo haikuwa imepungua hata kidogo. Mbolea ya kiwandani ilichangia, sikatai. Lakini mbolea ingeweza kuchukua nafasi ya nitrojeni tu; haikuwa na la kufanya kuhusu kivuli. Ulipoondoka mzigo wa kuwalisha wanyama, ndipo shamba lilipoachwa tupu.

Kabla ya kufika huko, nguvukazi ilikuwa imebadilika, na gugu lenyewe pia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliangusha uzalishaji kutoka mapipa zaidi ya 450,000 katika msimu wa 1861 hadi takriban 10,000 mwaka 1864, na watumwa wakawa watu huru walioweza kukataa kazi. Mwezi wa 11 mwaka 1887 kiasi cha wafanyakazi 10,000 wa miwa, wengi wao Weusi, waligoma wakidai dola 1.25 kwa siku, na walipwe kwa fedha halisi badala ya vyeti vya duka la mwenye shamba. Mgomo ulizimwa kwa risasi katika mji wa Thibodaux. Makadirio ya waliouawa huanzia 30 na kuendelea. Baada ya hapo jembe la mkono liliendelea kuwa rahisi kwa bei kwa muda wa nusu karne nyingine, na hilo ni jambo la kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba wakulima wa zamani walipalilia kwa mikono kwa sababu hawakujua njia nyingine. Njia nyingine zilijulikana. Effingham Lawrence wa shamba la Magnolia alikwisha kujaribu plau za mvuke za Fowler kutoka Uingereza muda mfupi baada ya vita. Hazikuenea: zilikuwa ghali na nzito, ilhali mshahara wa mtu asiye na pa kwenda ulikuwa mdogo.

Katika miongo hiyo hiyo mtama-mwitu ulikuwa ukisambaa kutoka mashariki. Mmea huu ni jamaa wa mtama tunaoula, na hauko mbali na muwa wenyewe kiukoo. Asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, na inasimuliwa kwamba mbegu zake zilifika South Carolina kutoka Uturuki miaka ya 1830. Takriban mwaka 1840 Kanali William Johnson aliupanda kama malisho kwenye shamba lake karibu na Selma, Alabama, na Wamarekani wameuita kwa jina lake hadi leo, heshima ambayo wazao wake sidhani wanaifurahia. Ulipendwa mwanzoni kwa sababu haufi. Baadaye ukachukiwa kwa sababu hiyo hiyo. Kufikia mwaka 1900 Bunge la Marekani lilitenga fedha mahususi za kutafuta namna ya kuuangamiza, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa kwa gugu lolote nchini humo.

Hapa ndipo plau inapopaswa kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa mtama-mwitu una njia mbili za kuzaana. Una mbegu nyingi zinazoweza kukaa miaka ardhini, na una mashina manene yanayotambaa chini kwa chini, yenye macho kama tangawizi. Kila kipande chenye jicho kinaweza kuwa mmea mpya. Plau inayopita mara moja huyakata mashina hayo na kuyasambaza. Haro inayofuata huyapeleka hata kona ambayo gugu halikuwa limefika. Kulima kidogo, kwa hiyo, ni kupanda. Dawa iliyopendekezwa na wataalamu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa kulima sana: shamba lililopumzishwa lilimwe kiangazi kizima, kila baada ya wiki chache, kabla majani mapya hayajapata muda wa kurudisha chakula ardhini, hadi mashina yaishiwe akiba. Kwa nadharia ilikuwa sahihi, na kiangazi kikiwa kikavu ilifanya kazi. Lakini kiangazi cha Louisiana ni msimu wa mvua. Plau ikikwama kwa wiki mbili katika tope, mmea hulipa deni lake lote na kazi ya mwezi mzima inapotea. Wakulima waliokuwa wakilima mara tano au sita katika shamba lisilo na zao hawakuwa wakiandaa kitanda cha muwa. Kitanda hutosha kwa mara moja au mbili. Zilizobaki zote zilikuwa palizi, hata kama vitabu vya gharama viliziandika chini ya kichwa cha kulima.

Ulimaji wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu ya trekta. Kati ya miaka ya 1930 na mwisho wa vita kuu ya pili, trekta iliwaondoa nyumbu katika mashamba ya miwa, na pamoja nao yakaondoka mahindi, kisha kunde. Soya zilijaribiwa kama mbolea ya kijani na zilipata wafuasi kwa muda. Hata hivyo mtu anayeamini kwamba lazima alime shamba kila baada ya wiki tatu hawezi kulifunika kwa zao lolote. Kulima na kufunika ni mambo yanayopingana, na aliyeogopa mtama-mwitu alichagua kulima. Matokeo yake ni robo ya ardhi ikikaa tupu wakati wa mvua kubwa, udongo mwepesi wa kingo za mto ukiteremka mifereji, na ule mzito wa mfinyanzi ukipondwa na magurudumu. Wakati huohuo vijana walikuwa wakienda jeshini, kwenye viwanda na kwenye visima vya mafuta. Uhaba wa mikono ulifika mahali ambapo wafungwa wa kivita Wajerumani walipelekwa kufanya kazi kwenye miwa ya Louisiana. Mashine za kurusha moto zilizoundwa kwa ajili ya pamba zilipitishwa kati ya mistari ili kuunguza nyasi chipukizi. Kisha mwaka 1945 dawa ya 2,4-D ikaanza kuuzwa. Wakati wake haukuwa wa kubahatisha: kiuagugu kilipata soko pale pale ambapo mpaliliaji wa bei rahisi alikuwa ametoweka.

2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi. Kwa muwa, ambao wenyewe ni nyasi, hiyo ilikuwa neema. Kwa mtama-mwitu ilikuwa neema pia, kwa kuwa majirani zake walifutwa na nafasi ikabaki yake. Miaka ya 1950 zikaja dawa za kuua nyasi, TCA na dalapon, na baadaye nyingine zilizonyunyiziwa ardhini kuua miche kabla haijatokeza. Miche ilipungua, mashina ya chini yakabaki. Nyasi za msimu mmoja zenye vinyweleo vinavyochoma ngozi, zilizoletwa kutoka nchi za joto za Dunia ya Kale, zikajitokeza katika mashamba yaliyokuwa yamesafishwa dhidi ya magugu mengine. Mtu akiupanga mfuatano huu kwa miaka anaona jambo ambalo taarifa ya mwaka mmoja haiwezi kuonyesha: hakuna hatua iliyowapa wakulima shamba safi. Kila hatua iliwapa gugu ambalo hatua iliyotangulia haikuliweza. Ndiyo maana napinga usimulizi unaoifanya historia hii kuwa safari kutoka ujinga kuelekea maarifa. Mnyapara wa mwaka 1850 aliyepanda kunde alikuwa na jibu kwa magugu yake. Hakuwa na jibu kwa mtama-mwitu, ambao hakuwa ameuona.

Glaifoseti, iliyotambuliwa na John Franz katika maabara za Monsanto mwaka 1970 na kuuzwa kuanzia 1974, ilibadilisha mambo kwa namna ya pekee kwa sababu husafiri kutoka majani hadi mashina ya chini. Kwa mara ya kwanza mkulima aliweza kumfuata adui mahali alipojificha bila kumkatakata. Dawa hiyo huua muwa pia, kwa hiyo si ya kunyunyizia ovyo katika zao lililosimama, lakini katika shamba lililopumzishwa udhaifu huo hugeuka sifa: huua gugu na visiki vya zamani kwa pamoja. Swali likawa dhahiri. Ikiwa plau ilikuwa kazini kwa ajili ya magugu, na sasa magugu yanakufa bila plau, plau ina kazi gani iliyobaki? Majaribio ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana na ya kituo cha serikali kuu kilichoko Houma, mwanzoni mwa karne hii, yalilijibu kwa namna iliyowashangaza wengi. Mashamba yaliyonyunyiziwa na kulimwa kidogo, au kutolimwa hadi karibu na upanzi, yalitoa sukari isiyopungua ile ya mashamba yaliyolimwa kiangazi chote. Hata desturi ya kuchonga mabega ya matuta kila majira ya kuchipua, iliyofanywa kwa plau za nyumbu tangu enzi za utumwa kwa imani kwamba huupasha udongo joto, haikuonekana kuongeza mavuno pale magugu yalipodhibitiwa kwa njia nyingine. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote. Kama muwa ungehitaji kulimwa kwa ajili ya mizizi yake, mavuno yangeshuka plau ilipopunguzwa. Hayakushuka.

Mkulima mzoefu ana pingamizi mbili za maana dhidi ya maelezo haya. Ya kwanza ni magonjwa: visiki vya zamani vikibaki hai hubeba maradhi hadi kwenye miwa mipya, na plau huvifukua na kuvikausha. Hili lina ukweli kwa ugonjwa wa kudumaza maotea, unaoenezwa na visu na mashine za kuvunia. Lakini kinachotakiwa ni kisiki kife, si lazima kifukuliwe. Isitoshe, janga kubwa kuliko yote katika historia ya miwa ya Louisiana, virusi vya mozaiki vilivyoshusha uzalishaji hadi tani takriban 47,000 mwaka 1926, vilitokea katika enzi ambayo mashamba yalilimwa bila uvivu. Kilichookoa sekta ni aina mpya za miwa zilizozalishwa Java. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Mashine za kuvunia hupita shambani wakati wa mvua za Novemba, udongo wa mfinyanzi unashindiliwa, mitaro mirefu ya magurudumu inabaki. Bila plau nani ataufungua? Hapo inabidi kukubali kwamba plau ina kazi halali, hasa kwenye udongo mzito, na kwamba matuta yaliyobomolewa hayajijengi yenyewe.

Ila pingamizi hiyo inaeleza hitaji lililotengenezwa na mashine. Australia ilifika kwenye fundo hilo hilo kwa njia yake. Mradi wa pamoja wa kuchunguza kushuka kwa mavuno ya miwa, ulioanza Queensland mwaka 1993, ulikuta kwamba udongo ulichoshwa na mambo matatu yaliyoshikamana: miwa juu ya miwa bila zao la kubadilisha, magurudumu yasiyolingana na nafasi za mistari, na kulima kupita kiasi kulikofanywa ili kurekebisha madhara ya magurudumu hayo. Mistari ilikuwa na nafasi ya takriban mita 1.5 wakati magurudumu ya mashine yalihitaji zaidi ya hapo, kwa hiyo kila uvunaji ulikanyaga mstari wenyewe. Waliopanua nafasi ikalingana na magurudumu, wakapanda jamii ya kunde katika kipindi cha mapumziko na kuacha kulima eneo lote, waliona udongo ukibaki laini bila kutifuliwa. Louisiana, kwa bahati, ilikuwa na matuta yenye nafasi ya takriban mita 1.8 tangu zamani, kwa hiyo kikwazo hicho kwake ni kidogo. Tatizo lake la tope la Novemba halikuondolewa na ugunduzi wa Queensland, na kuna miaka ambayo plau itaendelea kutoka bandani.

Kuna pia wanaosema kwamba kupunguza kulima ni kubadilisha jina la tegemeo, kutoka dizeli hadi sumu. Hawa siwapingi kabisa. Plau ilipopungua, gugu lililonufaika lilikuwa ukoka, nyasi zilezile zitambaazo kwenye nyua na viwanja vya mpira vya pwani yetu, ambazo zimeenea kutoka Afrika na maeneo jirani hadi pembe zote za dunia. Ukoka hutambaa juu na chini ya udongo, hunyweshwa glaifoseti ukakauka majani, kisha ukarudi mwezi mmoja baadaye. Hauwezi kivuli, ukiingia kwenye miwa iliyofunga hudhoofika. Lakini ukikuta shamba limekaa wazi kiangazi kizima hujenga mkeka ambao muwa mchanga hautaupenya. Dhidi yake kunyunyizia pamoja na kulima kidogo kumefanya kazi vizuri kuliko kimojawapo peke yake. Na mtama-mwitu haukukaa kimya. Mwanzoni mwa karne hii Argentina iliripoti mimea yake isiyouawa na glaifoseti, katika jimbo la kaskazini ambako miwa hulimwa pia, na miaka michache baadaye mimea ya namna hiyo ilipatikana kusini mwa Marekani. Kwa mujibu wa hoja yangu hilo lilikuwa la kutarajiwa.

Kinachoendelea sasa Louisiana kina mantiki ya zamani kuliko wanavyodhani wengi wanaokifanya. Wakulima kadhaa hupanda soya za muda mfupi katika mashamba yaliyopumzishwa, wakazivuna mwezi wa nane na kupanda miwa nyuma yake. Aina zinazostahimili glaifoseti, zilizoanza kuuzwa mwaka 1996, huwaruhusu kunyunyizia ukoka na mtama-mwitu huku zao likiwa limesimama, na majani ya soya hutia kivuli ambacho dawa haiwezi kukitoa. Tofauti na kunde za karne ya 19 ni kwamba soya hizi huuzwa, hazifukiwi, kwa hiyo nitrojeni nyingi huondoka na lori. Sehemu kubwa ya ardhi ya miwa huko hukodishwa kwa mgawo wa mavuno, na shamba lisilo na zao halimpi mwenye ardhi chochote cha kugawana, soya humpa. Ndiyo sababu zimeenea kwa urahisi pale ambapo mazao ya kufunika udongo tu, yasiyouzwa, yamebaki kwenye vipande vya majaribio. Mkulima aliyekodi hununua mbegu ya kufunika udongo kwa fedha zake, ilhali manufaa yake yanaweza kuonekana katika maotea ya tatu, yatakayovunwa na mkulima mwingine aliyekodi.